Dread: hadithi ya kutisha inayochezwa kwa mnara badala ya dadu

Kundi letu lilizoea Dungeons & Dragons, mkongwe wa mwaka 1974 ambao michezo mingi ya kuigiza mezani, ile ambayo kila mchezaji huigiza mhusika wake katika hadithi inayoongozwa na msimulizi, imechota kwake. Naupenda, ila mhusika wako akishapata nguvu, woga unaisha. Joka linatokea, wewe unapiga hesabu ya uhai uliobaki, unarusha dadu ya pande 20, basi. Kwa hadithi ya kutisha, hesabu hizo zinakata stimu.

Dread, kazi ya Epidiah Ravachol na Nathaniel Barmore iliyotoka mwaka 2005, haina dadu hata moja. Katikati ya meza unasimama mnara wa Jenga, ule mchezo wa kupanga vipande vya mbao na kuvichomoa bila kuuangusha mnara, vipande 54. (Aliyeibuni Jenga, Leslie Scott, alikulia Afrika Mashariki, kwa hiyo jina hilo hakuliokota barabarani.) Mhusika wako akitaka kufanya jambo gumu, unachomoa kipande na kukiweka juu. Ukifanikiwa, naye amefanikiwa. Hutaki kuchomoa? Ruksa, lakini jambo lako limekwama. Ukiuangusha mnara, mhusika wako katoka mchezoni, na mara nyingi maana yake kafa.

Sisi tulicheza hadithi ya basi lililoharibikia porini usiku. Mwanzoni watu walichomoa huku wakitaniana. Baadaye dada mmoja alitaka mhusika wake ashuke akachukue tochi kwenye buti. Tochi tu! Lakini mnara ulikuwa umeshainamia upande wa dirisha. Akagusa kipande, akakiacha, akajaribu kingine kwa ncha ya kidole cha shahada. Mtu akainuka kimya kimya akazima feni. Sijawahi kuona dadu ikifanya watu wazima wabane pumzi namna ile.

Hata hivyo, mnara ndio unaosifiwa kupita kiasi. Kwangu utamu uko kwenye karatasi ya maswali anayopewa kila mchezaji kabla ya kuanza, badala ya takwimu za nguvu na wepesi. Mojawapo la kwangu lilisema: "Kwa nini hukwenda kumzika kaka yako?" Swali limeshakupa kaka, limeshamuua, na limeshakutia lawamani. Wewe unatafuta sababu tu. Nikajibu kwamba tuligombania shamba la baba. Msimulizi akanyamaza nalo hadi hadithi ilipochanganya, kisha abiria wa kiti cha nyuma akaanza kuniita kwa jina ambalo kaka peke yake ndiye alilitumia. Hapo sikuhitaji mnara kuogopa.

Kasoro zipo. Aliyetolewa mapema anabaki mtazamaji, na usiku ni mrefu. Kuna kanuni nzuri ya kuuangusha mnara kwa makusudi ili mhusika wako ajitoe mhanga na jambo lake lifanikiwe, lakini baada ya hapo nawe unakaa pembeni. Mtu ambaye mikono yake hutetemeka kwa maradhi ameonewa tangu mwanzo. Na usitegemee hadithi ya kuendelea wiki hadi wiki; wahusika hawadumu.

Kitabu ni cha Kiingereza, lakini wachezaji hawahitaji kukisoma. Msimulizi akikielewa, maswali anaweza kuyaandika kwa Kiswahili mwenyewe, na nadhani yanauma zaidi hivyo. Jenga ya bandia ya sokoni inafaa pia, mradi vipande visinate na meza isiwe ile ya miguu inayocheza.