Utrasaundi ya nyongo kwa mtoto wa siko seli: kipimo safi, foleni hapana

Nimempeleka binti yangu wa miaka 9 kliniki moja ya utrasaundi hapa Mbeya mjini, ana siko seli, macho yamezidi njano halafu kila akila chipsi analalamika ubavu wa kulia. Tukaambiwa aje hajala, maana hata chai ya maziwa inafanya mfuko wa nyongo ujikamue, vijiwe vya ndani yake kama vipo havionekani vizuri. Sawa. Saa moja asubuhi tupo, baridi ya Julai mnaijua, tumekuja kuingia saa tano!! Mtoto kalia njaa mpaka basi, na kumbe maji matupu alikuwa anaruhusiwa, hamna aliyesema, wakati wa siko seli hatakiwi kukaa na kiu. Aliyefungishwa si apite kwanza jamani?

Ila mpimaji, Mungu ambariki. Kapasha jeli kwanza, kamgeuzia skrini, "ona mama, hivi viwili vinavyong'aa", akamlaza ubavu vikabingirika. Akanieleza chembe nyekundu za kawaida zinaishi siku kama 120, zake 10 mpaka 20, zikivunjika ile rangi ya njano inajaa kwenye nyongo inaganda kuwa vijiwe. Kumbe chipsi zinaamsha maumivu tu, mi nilishamgombeza sana. Nyota tatu.