Mikono imepauka? Nunua hivi, kwa mpangilio huu

Asubuhi nauza maandazi, mchana nafua za watu. Kwa siku moja mikono yangu inakutana na unga, sabuni ya mche, sabuni ya unga na, siku ya mashuka meupe, jiki. Mwaka juzi ungenishika mkono ungedhani umeshika msasa. Dawa yangu ilikuwa kununua losheni, ikiisha hii najaribu ile, na mikono ikabaki vilevile. Nilikuwa naziba pancha huku msumari bado umo kwenye tairi.

Msumari ni sabuni. Ngozi ina utando wake wa mafuta unaozuia maji yasitoke, na kwa asili ina uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu, ambacho namba ikipanda uchachu unapungua) ya 5 hivi. Sabuni ya mche inafika 9 na kuendelea. Kila ukifua utando unasombwa, maji yanatoka, ngozi inapauka, mwisho inachanika kwenye maungio ya vidole. Ndiyo maana kwenye orodha yangu kinachoongoza hakipakwi.

Namba moja ni glavu za mpira za jikoni. Siyo zile nyembamba za hospitali, hizo zinachanika kwenye zipu ya suruali ya kwanza. Tafuta nene, zenye mkono mrefu unaokaribia kiwiko, na uzipime palepale dukani. Zikibana utazivua katikati ya kazi. Zikipwaya, maji ya sabuni yanaingia na kukaa humo, na hapo afadhali ungefua mikono mitupu. Kabla ya kulipa ijaze moja hewa, ukunje mdomo wake, uiminye karibu na shavu: tundu usiloliona utalihisi likikupulizia. Ukimaliza kazi zigeuze ndani nje, anika kivulini, kwa sababu jua linapasua mpira. Kama mpira wenyewe unakuwasha, chukua za plastiki. Watu watakucheka, hilo lijue. Jirani yangu aliniuliza kama naifanyia suruali upasuaji.

Namba mbili, mafuta ya mgando. Haya tumepakwa wote mpaka magoti yakang'aa kabla ya kwenda shule. Mkemia Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, na mpaka leo sijaona kinachoyashinda kwa bei. Tatizo tunayapaka vibaya. Mgando hauna maji ndani yake, kazi yake ni kufunika, kama mfuniko wa sufuria. Sasa ukifunika sufuria tupu unategemea wali? Nawa, kung'uta mikono, usiikaushe kabisa, kisha paka kiasi cha punje ya harage wakati ngozi bado ina unyevunyevu. Usiku paka zaidi, vaa soksi kuukuu mikononi, lala. Mume atazoea.

Chukua yasiyo na manukato, maana harufu nzuri huichoma ngozi iliyochanika. Halafu piga hesabu ya gramu, usiangalie ukubwa wa kopo. Yapo makopo yenye kitako kilichobonyea ndani hadi karibu na katikati. Tuseme la gramu 50 ni shilingi 1,500 na la gramu 250 ni 5,000. La kwanza unalipa shilingi 30 kwa gramu, la pili 20. Kopo dogo la kwa Mangi linaonekana rahisi kwa sababu tu linatoka kwenye chenji.

Namba tatu, gliserini. Kichupa kidogo, duka la dawa lolote. Hii inavuta maji na kuyashikilia kwenye ngozi, kwa hiyo usiipake kavukavu. Changanya sehemu moja ya gliserini na mbili za maji safi au maji ya waridi, ya kutosha siku mbili tatu tu, kwani mchanganyiko wenye maji mengi haukai. Paka, juu yake weka mgando kidogo. Kasoro yake inanata. Mtu anayehesabu noti siku nzima aiache mpaka usiku.

Mafuta ya nazi nayaweka namba nne, na najua watu wa Pwani mtanisema. Kwa mwili baada ya kuoga siyakatai. Kwa mikono inayoingia kwenye beseni kila saa yanaondoka upesi na hayafuniki kama mgando. Ukiyanunua ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, nusa kwanza. Yakiwa yamechacha achana nayo. Nyumbani weka kidogo kwenye friji. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, yanakuwa meupe yote. Sehemu ikiganda na nyingine ikabaki maji, umeuziwa na kitu kingine ndani. Njombe mwezi wa Julai huna haja ya friji, kabati linatosha.

Namba tano, siagi ya shea, mafuta mazito ya kokwa za mti wa shea. Ile ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na inapakika vizuri sana, lakini ikifika Dar bei imeshapanda ngazi. Ukiwa na ndugu anayetoka Gulu, mtume.

Losheni mwisho. Soma nyuma ya chupa: kiungo kinachotajwa kwanza ndicho kingi, na karibu kila mara ni maji. Mchana inafaa, haichafui simu wala karatasi. Ila unalipia maji na marashi.

Nje ya orodha, kwa mwenye viganja vigumu kama ganda au magaga miguuni, ipo krimu ya urea ya duka la dawa: asilimia 10 kwa mikono, 20 hadi 25 kwa visigino. Usiipake kwenye mpasuko ulio wazi, utaruka.

Krimu za kung'arisha ngozi usiguse. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, Kenya na Rwanda, bado zinauzwa chini ya kaunta, na vifundo vya vidole hubaki na sugu nyeusi zinazokutaja mtaa mzima. Limao nalo, ukilipaka kisha ukatoka juani, linaweza kuunguza na kuacha madoa. Na kama ni harusi, chora kwa hina ya kweli, inayotoa rangi ya machungwa hadi kahawia. Piko nyeusi ni rangi ya kupaka nywele. Nimeona maua yaliyogeuka malengelenge.

Kwenye kucha, nunua kikata kucha chako mwenyewe. Vijana wanaopita na vikapu wakigonganisha chupa za rangi sina ugomvi na rangi zao. Ugomvi wangu ni mkasi mmoja kwa miguu ya mtaa mzima. Mmoja alinikata kile kijingozi cha shina la ukucha, siku ya tatu nikaamka na mdudu wa kidole: gumba limevimba, linapwita, usingizi hakuna. Zahanati walilipasua wakatoa usaha, na nilicholipa kingenunua vikata kucha kumi.

Chagua cha chuma kisichoshika kutu, ukijaribu kwa uzi. Kinachofaa kinaukata mara moja, kibovu kinautafuna. Kijingozi usikikate, ndicho kinachoziba mlango. Kisukume kwa taulo ukitoka kuoga, kisha tone moja la mafuta ya nyonyo. Kitoa rangi chukua kisicho na asetoni. Ukucha ukinenepa na kubadilika rangi, usiufunike kwa rangi, nenda ukaonwe.

Ukucha wa mkono huota milimita 3 hivi kwa mwezi. Ule mtaro ulioachwa na mdudu kwenye gumba langu ulichukua nusu mwaka kufika nchani.