Kozi ya dharura za watoto: mchana ulizidi asubuhi

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Kozi hii ya ETAT, ile ya kumtambua haraka mtoto aliyezidiwa na kumwanzia yeye, nimeilipia mfukoni na sijutii. Asubuhi ilikuwa slaidi tu. Baada ya chakula wakatoa midoli ya kujifunzia kumsaidia mtoto kupumua: unaweka kinyago cha hewa, unabana mfuko wa hewa, kifua kisipopanda mwezeshaji anakurudisha kwenye mkao wa shingo. Mkali, lakini anajua kazi.

Utamu ulikuwa mjadala wa dripu. Utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ukatoka 2011, ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Waliomiminiwa maji kwa kasi walifariki zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa, asilimia 7.3. Wenye kuharisha hawakuwemo, kwa hiyo matokeo hayo hayawahusu wao, na hapo ndipo wengi darasani walichanganya mambo, ila mwezeshaji akapita mbio.

Halafu midoli miwili darasa zima, jamani! Kwa ada ile waongeze. Cheti tulipewa jioni ileile.