Risasi ya kuwindia koyoti: ununue ipi kwanza?

Koyoti ni mkubwa kidogo kuliko bweha wa kwetu, kilo 9 hadi 20 hivi, na manyoya ya majira ya baridi humfanya aonekane mnene kuliko alivyo. Huku nyanda za mashariki mwa Colorado, Marekani, mfugaji wa mbuzi anamfahamu zaidi msimu wa kuzaa: kitoto kimedondoka alfajiri, jioni hakipo. Jimbo hili linaruhusu kumwinda mwaka mzima. Ndiyo maana ndugu zetu waliohamia huku wakaanza kufuga wanauliza swali lile lile, wanunue bunduki ya risasi gani. Nazipanga hapa tano, kuanzia ninayoipendekeza kwa moyo wote hadi ile ninayokuomba usimpigie koyoti kabisa.

Lakini sheria kwanza. Ukiwa Marekani kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, sheria ya shirikisho inakukataza kushika bunduki au hata risasi, isipokuwa uwe ndani ya masharti machache yanayoruhusu, mojawapo likiwa leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani hana kikwazo hicho. Na hapa Colorado, aliyezaliwa tangu Januari 1, 1949 hauziwi leseni mpaka awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji.

Namba moja: .223 Remington (tarakimu hizo ni takriban kipenyo cha kichwa cha risasi kwa inchi). Risasi nzima ina urefu wa milimita 57, kama kidole cha mwisho cha mtu mzima. Kichwa cha greni 55, yaani gramu 3.6, hutoka mtutuni kwa mita 980 hivi kwa sekunde. Haipigi bega, kwa hiyo jicho lako linabaki kwenye darubini na unaona mwenyewe ulipopiga. Iko karibu kila duka la bunduki, na kati ya risasi za ukubwa huu hakuna iliyo na bei nafuu kuizidi. Mimi naipa nafasi ya kwanza kwa sababu hiyo ya bei kuliko nyingine zote. Anayemudu kufyatua risasi mia mbili za mazoezi kabla ya msimu atampiga koyoti mahali panapostahili, na mnyama hatateseka.

Tazama maandishi kwenye mtutu kabla ya kulipa. Ukikuta 1:12, maana yake mifuo ya ndani inazungusha risasi mara moja katika kila inchi 12. Mtutu huo unataka vichwa vyepesi, greni 55 kushuka chini. Ukikuta 1:8, utaweza kutumia hata vya greni 75 ambavyo vinahimili upepo vizuri zaidi. Angalia pia kama mtutu umeandikwa .223 peke yake. Ukiwa hivyo, usiutilie risasi ya kijeshi ya 5.56, ingawa kwa macho ni pacha: shinikizo lake ni kubwa zaidi. Bunduki ya 5.56 ndiyo inayokula zote mbili.

Namba mbili: .243 Winchester, ya tangu 1955. Huyu ni mtumishi wa kazi mbili. Kwa koyoti unanunua vichwa vya greni 58 au 70, kwa swala wa huku unanunua vya greni 95 au 100. Colorado hairuhusu kumwinda swala kwa risasi yenye kipenyo chini ya inchi 0.24, kwa hiyo .223 hapo haifai. Kama pesa ni ya bunduki moja tu na unataka nyama ya familia, ipandishe hii iwe ya kwanza. Gharama yake ipo kwenye ngozi: tundu la kutokea huwa kubwa, na anayeuza manyoya atapata hasara.

Namba tatu: .22-250 Remington. Kichwa kile kile cha greni 55, ila mita 1,120 kwa sekunde. Kwa uwanda mpana, koyoti akiwa mita 300, ni risasi tamu sana. Lakini inachemsha mtutu na kuumaliza mapema, na sanduku lake ni ghali.

Namba nne: .204 Ruger, iliyotoka 2004. Kichwa cha greni 32 hukaribia mita 1,290 kwa sekunde, na ngozi hutoboka kidogo. Si kila duka wanaiweka.

Ya mwisho: .17 HMR. Kwa kindi wa ardhini wanaochimba malisho, ndani ya mita 100, ni nzuri mno. Kwa koyoti, hapana. Kichwa chake kina greni 17, gramu moja na kidogo, na upepo wa kilomita 16 kwa saa unakisogeza sentimita 10 hivi katika umbali huo huo. Niliwahi kumpiga nayo koyoti mmoja asubuhi ya upepo. Aliondoka kwa miguu mitatu, nikafuata damu kwenye theluji mpaka waya wa jirani, ikakatika pale. Sikumpata, na tangu siku hiyo bunduki ile ni ya kindi tu.

Yoyote utakayoichagua, soma sanduku. Unataka kichwa kinachofunguka au kupasuka ndani ya mnyama, mara nyingi chenye ncha ya plastiki, ambacho pia kikigonga udongo huvunjika badala ya kuruka mbele. Kile kilichofunikwa shaba chote hupita moja kwa moja na kumwacha akimbie na jeraha. California wanadai vichwa visiwe na madini ya ledi kwa uwindaji wote tangu Julai 1, 2019, basi ukivuka kwenda huko nunua vya shaba tupu, vile vinavyofunguka. Na kabla kidole hakijagusa kifyatulio, tazama nyuma ya koyoti: kama ni anga tupu juu ya kilima, mwache apite, kwani ng'ombe wa mtu au nyumba inaweza kuwa upande wa pili.