Walinikatia Humbug, nikaichukia bure

Nilitaka kuandika habari za Humbug tu, albamu ya bendi ya Uingereza Arctic Monkeys, lakini siwezi kumruka yule kijana wa kibandani aliyenirushia nyimbo zake. Bado nina hasira naye.

Ilikuwa kiangazi, Tabora imekauka, miembe yote imevaa vumbi. Nina safari ya treni kwenda Kigoma, nikapita kibanda kimoja cha kurusha nyimbo nikaomba niwekewe Humbug ya Arctic Monkeys kwenye memori kadi. Nyimbo 10, nikalipa zote. Kijana akaonja mmoja, akacheka: "Dada, hawa wamelala. Chukua singeli uchangamke." Nikamwambia, "Mdogo wangu, niwekee nilichoomba."

Tumeiacha Urambo, giza nje, nikavaa hedfoni. Wimbo wa pili ukakatika gitaa bado linalia. Nikailaumu simu. Wa tatu hivyo hivyo, wa nne hivyo hivyo. Mwimbaji akinyamaza tu, wimbo umekwisha! Mpaka tunafika Kaliua nilishakata shauri: waliolalamika albamu ilipotoka mwaka 2009 walikuwa na haki. Vijana hawa wa Sheffield walijulikana kwa nyimbo za mbio na maneno ya kuchekesha. Albamu yao ya kwanza ya 2006 iliuzwa kwa kasi ya ajabu kule Uingereza. Halafu wakaenda Marekani, jangwa la Mojave, kwenye studio ya Rancho de la Luna huko Joshua Tree, wakamkabidhi kazi Josh Homme wa bendi ya Queens of the Stone Age, wakarudi na muziki mzito na wa polepole. Humbug ilishika namba moja kwao, lakini wahakiki waligawanyika na mashabiki wengi waliuliza mbio zimeenda wapi. Nami usiku ule niliuliza.

Kigoma, rafiki yangu akanipa albamu nzima. Nikaisikiliza jioni Ujiji, ziwa limetulia. Jamani! Ile miisho aliyoikata kijana wa kibandani ndiyo albamu yenyewe. Sauti ikinyamaza, gitaa linabaki peke yake, linajivuta, linazunguka kama upepo usio na mti wa kuuzuia. Wimbo wa mwisho ndio mrefu kuliko yote. Mimi nilikuwa nimepewa kipande tu.

Niliporudi Tabora nikamfuata yule kijana. Hakunyanyua hata macho. "Pale mwisho hakuna maneno, dada. Nilikuokolea nafasi kwenye kadi. Hata wa baa nawakatia hivyo, hakuna anayelalamika." Nafasi! Kadi ilikuwa tupu! Nikamwambia anirudishie hela, akageukia mteja mwingine kana kwamba mimi ni mlango.

Sawa, nikiwa mkweli, Humbug si ya kila saa. Katikati kuna nyimbo mbili zinazofanana mno, na ukiwa na usingizi zitakulaza. Waliosema inachosha hawakusema uongo mtupu... Hapana, nafuta hilo. Nimeirudia tena jana usiku na sikuona cha kupunguza. Wanaoihukumu kwa kungoja mbio za 2006 wanafanya kosa lile lile la kijana wa kibandani, wanasikiliza maneno na kutupa kilichobaki.

Wimbo mmoja tu ulisalimika na mkasi wake, wa saba, Cornerstone, kwa sababu mwimbaji anaimba karibu mpaka mwisho. Ule niliusikiliza mzima ndani ya behewa mara nne, watu wote wamelala, na hata kabla sijaijua albamu yenyewe ulinitoa machozi.