iPhone 15 kwa Mwenye iPhone 13: Je, Kuna Haja ya Kubadilisha?
Kwa anayetumia iPhone 13, iliyotoka mwaka 2021, iPhone 14 haikuwa na mvuto mkubwa, kwa kuwa ilikuja na kichakata cha familia ileile ya A15 na kioo cha ukubwa uleule wa inchi 6.1. iPhone 15 ya mwaka 2023 imebadilika zaidi. Kamera yake kuu imepanda kutoka megapikseli 12 hadi 48, na tofauti huonekana hasa unapoikata picha na kubakisha sehemu ndogo, kwani maandishi ya kibao kilicho mbali husomeka pale ambapo simu ya awali huacha ukungu.

Tundu la chaji sasa ni la USB-C, hivyo waya mmoja unaweza kuhudumia simu na kompyuta, ingawa kasi ya kuhamisha mafaili kwa waya imebaki ya USB 2, kiwango cha zamani chenye kasi ndogo, jambo ambalo kwa simu ya bei kubwa kama hii naliona kuwa ubahili mtupu. Kioo nacho bado hujionyesha upya mara 60 kwa sekunde, sawa na cha iPhone 13.

Kabla ya kutoa fedha, ingia kwenye mipangilio uangalie afya ya betri, maana ikiwa imeshuka chini ya asilimia 80, huenda kinachokusumbua ni betri, na kuibadilisha ni nafuu kuliko kununua simu nyingine. Binafsi ningehama kwa ajili ya kamera tu. Kwa kupiga simu, ujumbe na video, iPhone 13 bado inajitosheleza.