Chakula ya mbwa Lubumbashi: ya kununua kwanza na ya kuachia ku soko

Mbwa yetu ya lupango (uwanja ya nyumba) inaitwa Simba, kama nusu ya mbwa za mji huu. Kilo 20 hivi, kazi yake ni kubweka usiku. Mwaka jana mu mvua ya Januari nikaona kroketi (chakula kavu ya mbwa ya tembe-tembe) zinauzwa kwa kopo ku soko, mfuko mkubwa uko wazi mdomo, bei karibu nusu ya supamarche, nikajisemea leo nimepata. Kilo tatu mu sashe nyeusi. Siku ya kwanza Simba alinusa akaenda kulala, ya pili akakula juu ya njaa, usiku akatapika mara nne, asubuhi niko kwa veterinere nalipa serumu na sindano, makuta ambayo ingenunua mfuko mzima na chenji ibaki. Kurudi nyumbani nikavunja kroketi moja na kidole: nje kahawia, ndani vumbi ya kijani-kijani, harufu ya mafuta iliyokaanga vitumbula wiki mbili bila kubadilishwa.

Toka hapo swali yangu si tena "ni marki gani?" Nauliza ile chakula ilipita wapi mpaka kufika ku bakuli. Kroketi nyingi zetu zinatoka Afrika Kusini, zinapanda Zambia yote na lori, zinangoja ku mpaka wa Kasumbalesa, halafu zinalala mu depo ambayo juu yake ni mabati. Ikitoka fabriki ni nzuri, njia njo inaiharibu.

Ya kwanza basi, kama una makuta: mfuko MDOGO, umefungwa, haujafunguliwa na mtu. Kilo 8 ni bora kuliko kilo 20 hata kama ya 20 inatoka bei chini kwa kilo, juu mafuta ya kroketi inaanza kuharibika hewa ikiingia tu, na mu mvua ni mbio zaidi. Piga hesabu: mbwa ya kilo 20 inakula gramu 300 hivi kwa siku, kwa hiyo kilo 8 inaisha siku 26, na mimi sitaki mfuko ukae wazi zaidi ya mwezi. Soma nyuma yake. Marekani kipimo wanachotumia ni protini isipungue 18 kwa mia kwa mbwa kubwa na 22,5 kwa mtoto wa mbwa, hesabu yenyewe ni ya chakula bila maji. Mfuko usioandika protini wala tarehe, urudishe ku etajere. Angalia pia uzi wa kushona mdomo: kama matundu ya sindano ni mara mbili, ama uzi ni rangi nyingine, ule ulifunguliwa ukajazwa tena.

Ya pili ni nyungu ya nyumbani, chakula unapika mwenyewe, na kwa mbwa kubwa kusema kweli mimi naipenda kuliko ya kwanza, ila inaomba akili. Wengi wetu tunapikia mbwa bukari (ugali) tupu na maji ya mboga halafu tunashangaa mbavu zinaonekana. Ikisha kuiva, bukari isipite nusu ya bakuli. Ingine iwe kapenta (samaki ndogo kavu) ama nyama ya ndani (mapafu, moyo, matumbo), na lenga-lenga (mchicha) ama karoti kidogo. Kapenta uioshe mara mbili, kuna mchanga na kuna chumvi, na mifupa yake ukiitokosa inakuwa laini, inaleta kalsiamu. Siku ya nyama bila kapenta, saga ganda ya yai ikuwe unga kabisa, nusu kijiko ya chai kwa nusu kilo ya nyama. Maini kidogo tu, vitamini A yake ikizidi kila siku ni sumu.

Mapafu na maini ya abatuari usitupie mbwa mabichi! Kuna mnyoo mmoja mtoto yake inakaa mule kama kifuko cha maji, mbwa ikikula inakuwa tegu ndogo mu matumbo, mayai inatoka na mavi, na mtoto wako akicheza na mbwa anaweza kuyameza, kifuko kikaota mu ini yake mwenyewe. Tokosa nusu saa nzima na zaidi.

Na unga. Hapa niko mkali. Unga iliyoanza kunuka, ile tunasema "hii ya mbwa", ndiyo mbaya kuliko zote. Ukungu wa mahindi unaleta aflatoksini na kupika haiiondoi, inakula ini, na mbwa ni dhaifu sana kwa hiyo. Marekani penyewe, mwisho wa 2020, kroketi zenye mahindi ya hivyo ziliua mbwa kwa makumi. Kama wewe hauwezi kukula bukari yake, Simba pia hapana.

Mtoto wa mbwa ni kitu ingine. Chini ya mwaka mmoja usijaribu nyungu peke yake, mifupa yake inajengwa na kalsiamu ya kipimo, nunua mfuko ulioandikwa ni wa watoto hata kama unakopa kwa yaya yako, ndugu mkubwa.

Ya tatu, makopo ya chakula laini. Safi, salama, lakini sehemu kubwa ni maji na unalipa maji hayo. Kwa mbwa mzee wa meno mabaya, sawa. Ukifungua na kuran (umeme) ikikatika siku mbili, frigo ni kabati tu, nunua kopo ndogo ya mara moja.

Ya ine, mabaki ya meza. Shida ni kitunguu, vitunguu saumu na ile kube ya supu, vinaharibu damu ya mbwa pole pole, na karibu kila sosi yetu viko ndani. Makayabu, ile samaki ya chumvi, ni chumvi tupu. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama sindano. Chukua bukari kabla haijakutana na sosi, basi.

Ya mwisho, kroketi za kopo kutoka mfuko wazi. Nimesha sema.

Vitu vya kumfurahisha sasa. Usinunue vipande vya nyama kavu mu sashe nzuri bila kujua vilitoka wapi: kuanzia 2007 Marekani walipokea malalamiko ya mbwa zaidi ya 6.000 zilizougua kisha kukula hivyo, vingi vilitoka China, na hata leo hawajapata sababu kamili. Mifupa ya ngozi mbwa inameza kipande kizima, inakabwa. Mimi natumia kapenta kavu isiyo na chumvi, moja moja, ama viazi vitamu vya kutokosa, na vyote pamoja visipite sehemu moja juu ya kumi ya chakula ya siku. Chokoleti hapana, zabibu kavu hapana. Chingamu isiyo na sukari pia soma karatasi, ukiona neno xylitol ficha mbali, hata kidogo inashusha sukari ya mbwa mpaka inaanguka.

Ukibadilisha chakula, changanya ya zamani na mpya siku saba, ukiongeza mpya kidogo kidogo, la sivyo utafagia lupango yote.

Na ku butike geuza mfuko, nusa ku mshono, bonyeza kona kama kuna vumbi nyingi ama maji yaliingia. Mwenye butike atakuuliza "papa, unatafuta nini, ni ya mbwa tu hii." Mwitikie vizuri, kisha chukua na ule wa pili ugeuze.